Mwenzi Bila Cheti cha Ndoa: Tathmini ya Viza za Nchi Zinazoajiri Wageni

Mtu anapopata kazi ng'ambo na hana cheti cha ndoa na mwenzi wake wa maisha, maswali mawili hujitokeza mara moja, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kama mwenzi huyo ataruhusiwa kuingia na kukaa. La pili ni kama ataruhusiwa kufanya kazi akishafika. Zipo nchi zinazojibu ndiyo kwa yote mawili, nyingine hufungua mlango wa kuingia na kufunga wa ajira, na nyingine haziutambui kabisa uhusiano usio na cheti, hata kama wawili hao wameishi pamoja miaka kumi.

Katika tathmini hii nazipima huduma za uhamiaji za nchi kadhaa zinazoajiri wageni wengi, kwa kanuni zilivyokuwa hadi 2025. Uzito mkubwa nimeuweka kwenye haki ya kufanya kazi. Mwenzi aliyeacha ajira yake ili kumfuata mwingine, kisha akazuiwa kuajiriwa kwa miaka mitatu, hupoteza kipato, ujuzi na heshima yake mbele ya waajiri wa baadaye, na hasara hiyo hailipwi na mtu yeyote. Viza inayomleta mtu na kumwacha akae tu nyumbani siwezi kuiita huduma nzuri, hata ikitolewa haraka namna gani.

Ninayoiweka mbele ya zote ni Uholanzi. Mfanyakazi anayeingia kwa njia ya wahamiaji wenye ujuzi wa juu anaweza kumleta mwenzi asiyefunga naye ndoa, na sheria haidai kwamba wawe wameishi nyumba moja kabla ya kuomba. Kinachodaiwa ni uhusiano wa kudumu wa watu wawili tu, unaoweza kulinganishwa na ndoa, pamoja na tamko lililotiwa saini na wote wawili na cheti kutoka nchi anakotoka mwenzi kinachothibitisha kwamba hana ndoa na mtu mwingine. Wakishafika, lazima waishi pamoja na kujiandikisha manispaa kwa anwani moja. Mwajiri aliyekwisha kutambuliwa na idara ya uhamiaji anaweza kuwasilisha maombi ya mfanyakazi na ya mwenzi kwa pamoja, na mwenzi haulizwi mtihani wa lugha na uraia ambao wahamiaji wengine wa kifamilia hutakiwa kuufanya kabla ya kusafiri. Lililo bora zaidi ni kwamba kadi ya makazi anayopewa huandikwa wazi kuwa kazi inaruhusiwa na kibali cha ajira hakihitajiki. Mwajiri yeyote akiisoma kadi hiyo hana la kuuliza zaidi.

Msimamo huo wa Uholanzi una historia yake. Mwaka 1986 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya Ann Florence Reed, Mwingereza aliyekuwa akiishi Uholanzi na mwenzi wake Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi huko, bila ndoa. Kwa kuwa Uholanzi ilikuwa ikiwaruhusu raia wake kukaa na wenzi wa kigeni wasiofunga nao ndoa, mahakama iliamua kwamba haiwezi kumnyima fursa hiyo hiyo mfanyakazi aliyetoka nchi nyingine ya Jumuiya ya Ulaya, iliyoutangulia Umoja wa Ulaya. Uamuzi huo haukuzilazimisha nchi zote kuwatambua wenzi wa aina hii, lakini kanuni ya kwamba mgeni anayefanya kazi asitendewe vibaya kuliko mwenyeji ilipata nguvu. Leo sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2004 kuhusu uhuru wa kusafiri inazitaka nchi wanachama ziwarahisishie kuingia wenzi wa raia wa Umoja walio katika uhusiano wa kudumu uliothibitishwa ipasavyo, na zikikataa zieleze sababu. Anayefanya kazi katika nchi ya Umoja isiyo yake, huku akiwa na pasipoti ya mojawapo ya nchi hizo, aanzie kwenye sheria hii kabla ya kutazama viza za kawaida.

Njia ya Uholanzi ina kasoro zake. Cheti cha kutokuwa na ndoa lazima kithibitishwe rasmi. Nchi kilikotoka ikiwa imejiunga na Mkataba wa Hague wa 1961 kuhusu hati za nje, muhuri mmoja wa apostile, yaani uthibitisho unaokubalika kati ya nchi wanachama, unatosha, lakini ikiwa haijajiunga, cheti hupitia wizara ya mambo ya nje na kisha ubalozi, safari inayoweza kumchosha mtu kuliko maombi yenyewe. Tena kibali cha mwenzi kimefungwa kwenye uhusiano wenyewe: wakiachana, msingi wa kukaa huondoka.

Uingereza naiweka nafasi ya pili kwa ubora wa kanuni na nafasi ya chini kabisa kwa bei. Kwa miaka mingi ilidai wenzi wasio wa ndoa waonyeshe kwamba wameishi pamoja kwa angalau miaka 2, sharti lililowaumiza watu waliotenganishwa na kazi, masomo au na viza zenyewe. Tangu 31 Januari 2024 kinachodaiwa ni kwamba wawe katika uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka 2, na kuishi nyumba moja kumebaki kuwa ushahidi wenye nguvu lakini si sharti lisilo na mbadala. Ni mabadiliko ya busara, na yalichelewa. Wasioishi pamoja watapaswa kueleza kwa nini, na kuonyesha jinsi walivyoudumisha uhusiano huo kwa vitendo: safari za kutembeleana, fedha walizotumiana, majukumu waliyobeba pamoja.

Mwenzi anayeingia kama mtegemezi wa mfanyakazi mwenye ujuzi anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote, isipokuwa kuwa mwanamichezo wa kulipwa au kocha. Lakini mlango umepunguzwa sana kwa upande mwingine. Tangu 11 Machi 2024 wahudumu wapya wa kutunza wazee na wagonjwa hawaruhusiwi kuleta wategemezi, wawe na ndoa au wasiwe nayo, na tangu Julai 2025 kizuizi kama hicho kimewafikia wafanyakazi wapya wa kazi za ujuzi wa kati zilizobakizwa kwenye orodha za muda. Wanafunzi nao, isipokuwa wa shahada za utafiti, wamefungiwa tangu Januari 2024. Kwa hiyo mtu aliyeahidiwa kazi huko asome kwanza kundi la kazi yake ndipo aanze kukusanya ushahidi wa mapenzi.

Kisha kuna fedha. Mbali na ada ya viza, kila mtu mzima hulipa tozo ya huduma ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, na hulipwa yote mwanzoni kwa muda wote wa viza. Kwa viza ya miaka 3 mwenzi peke yake atalipa pauni 3,105, na kwa miaka 5 pauni 5,175, kabla hajakanyaga uwanja wa ndege. Tena lazima aonyeshe pauni 285 za kujikimu zilizokaa benki kwa siku 28 mfululizo, isipokuwa mwajiri akubali kuidhinisha gharama hizo. Fedha ya kujikimu ni ndogo na haina ubaya, ila tozo ya afya ni mzigo usio wa haki kwa mtu ambaye akianza kazi atakatwa kodi ile ile inayoigharamia huduma hiyo.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye jalada la ushahidi, maana ndilo linaloamua mambo katika karibu kila nchi inayowatambua wenzi hawa. Ofisa anayelisoma hawajui, na anachotafuta si picha za harusi za marafiki mlizohudhuria pamoja. Anatafuta maisha ya kila siku yaliyoacha alama kwenye karatasi za watu wengine. Mkataba wa pango wenye majina mawili una thamani kubwa kuliko barua ndefu ya mapenzi. Bili ya umeme yenye jina la mmoja na barua ya benki yenye jina la mwingine, zote zikiwa na anwani moja na miezi inayokaribiana, husaidia hata kama hakuna akaunti ya pamoja. Wenzi wengi wana nyaraka zote kwa jina la mmoja tu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kazi walipohamia hapo, na huyu mwingine hana hata karatasi moja inayomtaja akiwa ndani ya nyumba hiyo. Dawa yake huchukua muda: abadilishe anwani benki, kwa kampuni ya simu, kwa mwajiri na kwenye bima, kisha aziache barua zije zenyewe mwezi baada ya mwezi.

Mazungumzo ya simu yasichapishwe yote. Kurasa mia nane za salamu za asubuhi hazisomwi na mtu. Kurasa chache kutoka miezi tofauti, zenye tarehe zinazoonekana, zinazozungumzia kodi ya nyumba, ugonjwa wa mzazi au tiketi ya safari, zinaeleza uhusiano vizuri zaidi. Barua za mashahidi nazo ziwe na maelezo ya watu waliokuwapo: nani aliwafahamu wapi, aliwatembelea nyumbani kwao lini, aliona nini. Barua tano zenye maneno yale yale huonekana kuwa zimeandikwa na mkono mmoja.

Australia inastahili sifa kwa sababu imeandika wazi ndani ya kanuni zake mambo manne ambayo ofisa lazima ayatazame: fedha za wenzi, hali ya nyumba yao, namna jamii inavyowafahamu, na ahadi waliyowekeana. Mwombaji anajua anapimwa kwa mizani gani, na anaweza kulipanga jalada lake kwa vichwa hivyo vinne. Sheria yenyewe inawatambua hata wenzi wasioishi pamoja kwa wakati fulani, mradi utengano huo si wa kudumu. Kwa viza za wenzi wa raia na wakazi wa kudumu, kwa kawaida uhusiano lazima uwe umedumu miezi 12 kabla ya kuomba, lakini sharti hilo huondolewa kwa walioandikisha uhusiano wao katika jimbo linaloruhusu hivyo, kama vile New South Wales au Victoria. Ada ya viza hiyo inazidi dola 9,000 za Australia, kiasi ambacho sioni namna ya kukitetea. Mfanyakazi wa kigeni mwenyewe hapiti huko: humwingiza mwenzi kwenye viza yake ya kazi kama mwanafamilia, na chini ya viza ya namba 482, iliyopewa sura mpya Desemba 2024, mwenzi huyo anaweza kuajiriwa popote. Kwa mtu aliyeajiriwa kwa mkataba wa miaka michache, hiyo ndiyo njia ya kuulizia.

New Zealand inafanana na jirani yake kwa mengi, ila imeshikilia zaidi suala la kuishi pamoja. Wenzi ambao hawajawahi kukaa nyumba moja hupata shida hata kwa viza za muda, na makazi ya kudumu hudai miezi 12 ya kuishi pamoja. Kwa wale waliotenganishwa na bahari tangu walipofahamiana, nchi hii si chaguo jepesi.

Kanada ilikuwa karibu na kilele cha orodha yangu, na imeshuka. Inamtambua mwenzi wa kuishi naye bila ndoa baada ya miezi 12 mfululizo ya kukaa pamoja katika uhusiano kama wa ndoa, na safari fupi za kikazi au za kifamilia haziikati hesabu hiyo. Wawili hutia saini hati ya kiapo ya fomu namba IMM 5409 mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kuapisha, kisha huambatanisha ushahidi wa anwani moja. Hadi hapo utaratibu ni mzuri na maelekezo yake yameandikwa kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaielewa. Tatizo liko kwenye kibali cha kazi kilicho huru, kile kinachomruhusu mwenzi kuajiriwa na yeyote. Tangu 21 Januari 2025 hutolewa kwa mwenzi wa mfanyakazi aliye katika ngazi mbili za juu za ajira, au katika baadhi ya kazi za ngazi zinazofuata kama za afya, ujenzi na elimu, na kibali cha mfanyakazi mwenyewe lazima kiwe kimebakiza angalau miezi 16. Mpishi au mhudumu wa dukani aliyeajiriwa kihalali anaweza kumleta mwenzi wake kama mgeni tu, na mgeni haajiriwi. Sheria hiyo inawaumiza zaidi wenye mishahara midogo, ambao ndio wanaohitaji kipato cha pili.

Ipo pia Kanada njia ya wenzi ambao hawakuweza kuishi pamoja wala kuoana kwa sababu zilizo nje ya uwezo wao, kama vile vikwazo vya uhamiaji, na wana uhusiano wa angalau mwaka mmoja. Watu wengi hujaza fomu hiyo wakidhani ni ya kila mpenzi aliye mbali. Njia hiyo ni ya raia na wakazi wa kudumu wanaomfadhili mwenzi aliye nje. Mwenye kibali cha kazi cha muda haimhusu.

Nchi za Kaskazini mwa Ulaya nazipitia kwa ufupi kwa sababu kanuni zake ziko wazi. Norway na Finland kwa kawaida hudai miaka 2 ya kuishi pamoja, na kuwa na mtoto wa pamoja kunaweza kulibadilisha sharti hilo. Denmark kwa kawaida hutazama kuishi pamoja kwa mwaka mmoja na nusu. Sweden ina neno lake la kisheria la wenzi wanaoishi pamoja na inawaweka karibu sana na wanandoa. Kwa walio na miaka hiyo mkononi na nyaraka zake, hizi ni huduma za kuaminika.

Sasa nije kwenye milango iliyofungwa, ambayo kwa bahati mbaya iko katika nchi zinazoajiri watu wengi zaidi. Ujerumani haina viza ya kuungana na mwenzi asiye wa ndoa. Mke au mume wa mwenye Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha kazi cha wataalamu, hupata ruhusa kamili ya kazi na hadaiwi Kijerumani kabla ya kuingia, lakini mwenzi asiye wa ndoa hana haki hiyo. Mwenzi mwenye elimu yake mwenyewe anaweza kujaribu Kadi ya Fursa iliyoanza 1 Juni 2024, inayompa hadi mwaka mmoja wa kutafuta ajira huku akiruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa juma. Naiona njia hiyo kuwa ya heshima, kwa sababu anaingia kwa sifa zake na kibali chake hakiyumbi uhusiano ukiyumba. Ufaransa nayo ina mkataba wa kiraia wa wenzi tangu 1999, lakini kibali cha familia kinachoambatana na kile cha wafanyakazi wenye vipaji ni cha wanandoa, na mwenye mkataba huo wa kiraia hulazimika kupita njia nyingine ambako mkataba wake hupimwa tu pamoja na mambo mengine.

Marekani ndiyo iliyonisikitisha zaidi kati ya zote nilizozitathmini. Viza ya mtegemezi wa mfanyakazi mwenye H-1B, viza ya kazi za kitaalamu, hutolewa kwa mke, mume na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, basi. Mwenzi wa kuishi naye anaweza kuomba viza ya matembezi ya B-2 kwa ajili ya kumsindikiza mwenye viza ya kazi, na mwongozo wa balozi zao unaitambua sababu hiyo. Ni vyema aieleze mwenyewe kwenye usaili, asijifanye mtalii. Hata hivyo hataruhusiwa kufanya kazi, na atategemea kuongezewa muda mara kwa mara. Viza ya mchumba ya K-1, ambayo watu huitaja kila mazungumzo haya yanapoanza, huombwa na raia wa Marekani tu, inadai wawili wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 iliyopita, na wafunge ndoa ndani ya siku 90 baada ya kuingia. Mfanyakazi mgeni hawezi kuiomba, wala mwenye kadi ya kijani.

Falme za Kiarabu ziliondoa adhabu ya kisheria kwa wasiooana wanaoishi pamoja mnamo Novemba 2020, na habari hiyo imewapotosha wengi. Kutoadhibiwa hakumfanyi mtu kuwa mtegemezi. Kumdhamini mwenzi bado kunahitaji cheti cha ndoa kilichothibitishwa, hivyo mwenzi asiye nacho atafute mwajiri wake mwenyewe. Singapore iko katikati: mwajiriwa wa kigeni mwenye mshahara usiopungua dola 6,000 za nchi hiyo kwa mwezi anaweza kumwombea mwenzi wa kuishi naye kibali cha ukaaji wa muda mrefu, lakini kibali hicho peke yake si ruhusa ya kazi.

Wengine, baada ya kusoma haya yote, huamua kuoana kwa ajili ya viza. Uamuzi huo ni wao. Ninachosisitiza ni kwamba ndoa iliyofungwa majuma machache kabla ya maombi huchunguzwa kwa makini, na jalada lile lile la anwani, fedha na mashahidi litahitajika. Cheti hakifuti kazi ya kukusanya ushahidi.

Kuhusu mawakala wanaolipwa kuandaa maombi haya, huduma yao ina maana pale tu historia ya wenzi ni ngumu: ndoa ya zamani isiyovunjwa rasmi, viza iliyowahi kukataliwa, au miaka ya kuishi mbalimbali. Kabla ya kulipa chochote, namba ya usajili idaiwe na ikaguliwe kwenye daftari la umma. Washauri wa Australia husajiliwa na mamlaka ya mawakala wa uhamiaji na hupewa namba. Wa Kanada wasio mawakili husimamiwa na chuo cha kitaaluma cha washauri wa uhamiaji. Uingereza ina mamlaka yake ya ushauri wa uhamiaji, iliyobadilishwa jina Januari 2025. Anayekwepa kutoa namba hiyo, au anayejitolea kukutengenezea mkataba wa pango wa miaka iliyopita, aachwe papo hapo, kwa kuwa karatasi moja ya kughushi inaweza kumfungia mwombaji milango kwa miaka mingi hata kama uhusiano wake ni wa kweli.

Mwajiri naye aulizwe kwa maandishi kabla ya mkataba kutiwa saini, na aulizwe mambo haya hasa: kama kampuni inamtambua mwenzi asiye wa ndoa katika posho ya kuhama na bima ya afya, kama italipa ada na tozo za mwenzi, na kama itawasilisha maombi yote mawili siku moja. Kampuni nyingi zinazohamisha watu huwa na sera inayolihusu jambo hili, lakini haisemwi mpaka iulizwe, na mkataba ukishatiwa saini nafasi ya kudai huwa imepungua sana.